Damu Isiyofuata Mwezi: Tuelewe Mwili Wetu Baada ya Sindano, Kijiti na Vidonge vya Dharura



Kuna ulizo moja ambalo haliulizwi mbele ya watu. Kikundi kinapomaliza kuhesabu pesa za likelemba na wengine wanapoanza kurudi nyumbani, mama mmoja anabaki nyuma na kusema kwa sauti ya chini: "Tangu nichomwe sindano, damu haikatiki. Je, nimeharibika?" Mwingine anasema kinyume: "Mimi sioni mwezi kabisa. Damu yangu inaenda wapi?" Na wa tatu, mara nyingi msichana, anataka kujua kwa nini mwezi wake umechelewa baada ya kumeza kidonge cha dharura.

Juma hili tumeona vema kulijibu ulizo hilo waziwazi. Hapa Sandoa, mama akipata hofu ya namna hii, ushauri wa kwanza anaoupata ni wa jirani, na jirani anamwambia aache. Anaacha sindano bila kupanga jambo lingine, na baada ya miezi michache ana mimba ambayo hakuitarajia, wakati mtoto wa mgongoni hajaanza kutembea vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri kungoja angalau miezi 24 baada ya kuzaa kabla ya kushika mimba nyingine. Na uchunguzi mkubwa wa taifa wa 2013–2014 ulionyesha kwamba katika nchi yetu, wamama 846 walikuwa wanakufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100 000 wanaozaliwa hai. Kwa hiyo, kuelewa damu hii kunaweza kuokoa maisha ya mama.

Kwa nini damu inabadilika?

Kila mwezi, mwili wa mwanamke unatayarisha kitanda ndani ya kizazi. Kitanda hicho ni utando laini wenye mishipa midogo ya damu. Kama mimba haikuingia, utando unabomoka na kutoka. Hiyo ndiyo damu ya mwezi. Kazi hiyo yote inaongozwa na homoni, yaani ujumbe ambao mwili unajitumia wenyewe kupitia damu.

Sindano, kijiti cha mkononi na vidonge vya kupanga uzazi vina homoni zinazofanana na zile za mwili. Zinazuia yai lisitoke, na zinafanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu za mwanaume zisipite. Pia zinafanya utando wa kizazi uwe mwembamba. Utando mwembamba una mishipa dhaifu, inayopasuka kidogo hapa na pale bila kufuata tarehe. Ndiyo maana mama anaona matone leo, anakaa siku tano bila kitu, kisha anaona tena. Baada ya muda utando unakuwa mwembamba zaidi, na mara nyingi hakuna kitu cha kubomoka. Hapo damu inapungua au inakoma.

Basi, mama asiyeona mwezi kwa sababu ya sindano hana damu iliyojikusanya tumboni. Damu hiyo haikutengenezwa. Ni kama chungu ambacho hakikupikwa kitu: huwezi kuuliza chakula kimeenda wapi.

Kila njia ina tabia yake

Sindano ya miezi mitatu. Hii ndiyo Depo-Provera, au Sayana Press, ile ndogo inayochomwa chini ya ngozi. Katika miezi mitatu ya kwanza, damu isiyo na mpango ni jambo la kawaida: inaweza kuwa matone, au inaweza kukaa siku nyingi. Baada ya mwaka mmoja, karibu wanawake 40 kati ya 100 hawaoni mwezi tena. Ukiacha sindano, mwezi na uwezo wa kushika mimba vinarudi, lakini polepole. Kwa wastani mimba inaweza kuingia miezi kumi hivi baada ya sindano ya mwisho. Anayetaka mtoto hivi karibuni ajue jambo hilo mapema.

Kijiti cha mkononi. Jadelle ina vijiti viwili na inafanya kazi miaka mitano. Implanon NXT ni kijiti kimoja, na wauguzi wetu wanahesabu miaka mitatu. Katika miezi ya kwanza damu inaweza kuja bila tarehe, au kuendelea zaidi ya siku nane. Kwa wengi inatulia baada ya mwaka. Kijiti kikitolewa, uwezo wa kuzaa unarudi mara moja.

Vidonge vya kila siku. Hapa damu ya katikati ya mwezi inatokea sana katika miezi mitatu ya kwanza. Baadaye, sababu kubwa ni kusahau. Mama anayemeza leo asubuhi, kesho usiku, na keshokutwa anasahau, atatokwa na matone na tena anaweza kushika mimba. Chagua saa moja ambayo haibadiliki, kwa mfano unapomaliza kula bukari ya jioni. Ukisahau kidonge kimoja, kimeze mara unapokumbuka, kisha endelea na kingine kwa saa yake.

Kitanzi cha shaba. Hiki hakina homoni. Lakini katika miezi mitatu hadi sita ya kwanza kinaweza kufanya damu ya mwezi iwe nyingi na maumivu yaongezeke. Mama ambaye tayari ana upungufu wa damu azungumze na muuguzi kabla ya kukichagua.

Kidonge cha dharura na mwezi unaofuata

Kidonge cha dharura ni cha siku ile mpira umepasuka, au sindano imepita muda wake, au hakukuwa na kinga yoyote, au mwanamke amelazimishwa. Kinachopatikana zaidi kina dawa inayoitwa levonorgestreli, miligramu 1,5. Katika pakiti nyingine ni kidonge kimoja, katika nyingine ni viwili, na vyote viwili vinaweza kumezwa pamoja. Kinaweza kumezwa hadi siku tano baada ya tendo, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Usingoje siku ya soko. Ukitapika kabla ya saa mbili kupita, unahitaji kumeza tena.

Kidonge hiki kinachelewesha yai lisitoke. Hakitoi mimba iliyokwisha kuingia, wala hakimdhuru mtoto ikiwa mimba ilikuwapo tayari. Kati ya wanawake 100 waliolala na mwanaume mara moja bila kinga katika juma la pili au la tatu la mwezi wao, 8 hivi wangeshika mimba. Wakimeza kidonge hiki, ni mmoja tu hivi atakayeshika.

Baada ya kukimeza, unaweza kuona matone ya damu kwa siku moja au mbili. Mwezi wako unaweza kuja mapema au kuchelewa siku chache. Hayo si ugonjwa. Lakini sikilizeni vizuri: matone hayo si alama kwamba mimba "imetoka" au kwamba uko salama. Ukichelewa zaidi ya juma moja kupita siku uliyotarajia, au damu ikija kidogo mno kuliko kawaida yako, nenda ukapimwe mimba. Kipimo cha mkojo kinatosha.

Kidonge hicho pia hakikulindi kwa siku zinazofuata. Anayelala na bwana juma lijalo bila kinga anaweza kushika mimba juma lijalo. Ndiyo sababu ni vizuri kuanza njia ya kudumu siku ileile, pamoja na kutumia mpira kwa siku saba. Anayemeza kidonge cha dharura mara kwa mara hataharibu kizazi, lakini mwezi wake utavurugika daima, na atakuwa na kinga dhaifu kuliko mwenzake wa sindano au kijiti. Kama unameza dawa za kifua kikuu au za virusi vya UKIMWI, mwambie muuguzi kwanza, maana baadhi ya dawa hizo zinapunguza nguvu ya kidonge.

Na kwa dada aliyelazimishwa: fika kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita. Pamoja na kidonge cha kuzuia mimba, kuna dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, na hizo hazingoji zaidi ya saa hizo. Wewe huna kosa. Mama unayepokea habari hiyo kutoka kwa binti yako, usianze na hasira wala na baraza la jamaa. Anza na safari ya kwenda kituoni.

Maneno ya sokoni

"Damu inajikusanya na kugeuka uvimbe." Hapana. Tumeeleza hapo juu.

"Kijiti kinatembea mpaka moyoni." Kijiti kilichowekwa vizuri kinakaa chini ya ngozi ya mkono, na unaweza kukigusa kwa kidole. Kama hukisikii tena, mwone muuguzi ili akitafute.

"Asiyezaa bado akichomwa sindano hatazaa kamwe." Si kweli. Anaweza kukawia kidogo, lakini uwezo unarudi.

"Maji ya chumvi, dawa ya minyoo au kinini ya maleria zinasafisha tumbo baada ya tendo." Hazizuii mimba, na kuzimeza ovyo kunaweza kukuumiza. Vivyo hivyo majani na unga wa miti unaoingizwa ukeni ili "kukausha damu": unaleta vidonda na maambukizi. Mizizi ya bibi zetu ina heshima yake, lakini si mahali hapo.

"Mwanamke anayetokwa damu ovyo amerogwa, au ametembea nje." Neno hili limebomoa nyumba. Damu ya sindano inatoka kwenye dawa, haitoki kwa jirani wala kwa tabia ya mama.

Wakati wa kutongoja

Mengi ya mabadiliko haya hayana hatari, lakini si yote. Damu inaweza pia kuwa sauti ya ugonjwa mwingine uliokuwapo kabla ya sindano au ulioingia baadaye. Nenda kituo cha afya mara moja, mchana au usiku, ukiona mojawapo ya haya:

– Damu inalowesha kitambaa au Kotex nzima kila saa, kwa saa mbili mfululizo au zaidi.
– Maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, pamoja na kizunguzungu au kuzimia. Inaweza kuwa mimba iliyokaa nje ya kizazi, na hiyo inaua kwa muda mfupi.
– Homa na uchafu wenye harufu mbaya.
– Moyo kwenda mbio, pumzi kukatika ukipanda kilima kidogo, viganja na midomo kuwa myeupe.

Na usipitishe juma bila kumwona muuguzi kama damu imezidi siku nane, au ni nyingi mara mbili kuliko kawaida yako, au una alama za mimba. Damu inayotoka kila baada ya kulala na bwana, au damu kwa mama aliyekwisha kukoma mwezi, inahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi, kwa sababu hapo ndipo saratani inapojionyesha. Usiseme tu "ni sindano."

Tunajua umbali. Kutoka vijiji vingine mpaka hospitali kuu ni safari ya baiskeli au pikipiki, na wakati wa mvua njia inageuka tope. Ndiyo sababu tunaomba kila kikundi kiwe na akiba ndogo ya usafiri kwa mama mwenye dharura. Tunaweka pesa kwa ajili ya matanga. Tuweke pia kwa ajili ya aliye hai.

Mambo unayoweza kufanya nyumbani

Hesabu. Chukua kalenda ya ukutani, weka alama kwa kila siku unayoona damu: nukta kwa matone, msalaba kwa damu nyingi. Asiyejua kusoma anaweza kuweka punje za mahindi ndani ya kikopo, punje moja kwa siku. Ukifika kwa muuguzi, hutasema "ni siku nyingi" tu. Utamwonyesha.

Kula chakula kinachorudisha damu. Sombe, lengalenga, maharagwe, viwavi, ndakala, ini na nyama kidogo zikipatikana. Weka limau au kula chungwa pamoja na mboga, maana yanausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai iache mpaka saa moja au mbili baada ya chakula, kwa sababu inayazuia. Ukiona udhaifu, omba upimwe damu, maana hapa kwetu maleria na minyoo pia vinakula damu ya mama.

Lindeni usafi. Kitambaa kioshwe kwa sabuni na kianikwe juani, si kufichwa chini ya godoro kikiwa na unyevu. Jua linaua vijidudu, na hakuna aibu katika kamba ya nguo.

Rudi kwa muuguzi kabla ya kuacha. Yeye ana dawa ya kupunguza damu kwa muda, kama ibuprofeni inayomezwa baada ya chakula kwa siku tano, au vidonge vya homoni kwa majuma matatu. Usijinunulie mwenyewe, kwa sababu kipimo chake si kile cha kichwa kuuma, na mwenye vidonda vya tumbo au shinikizo la damu anaweza kudhurika. Kama damu inakusumbua bado, una haki ya kubadili njia. Na anayetaka kijiti kitolewe, kitolewe. Aliyekiweka hawezi kukuambia uvumilie miaka mitano.

Tena, kwa wale wanaokatiwa njia na mvua: mama wa Depo-Provera au Sayana Press aliyechelewa hadi majuma manne baada ya tarehe yake bado anaweza kuchomwa sindano bila shida. Usikate tamaa ukaacha kwa sababu ya siku kumi. Siku hizi, aliyefundishwa vizuri anaweza hata kujichoma Sayana Press mwenyewe nyumbani. Ulizia kituoni kwako.

Neno kwa mabwana, na neno la sheria

Mama akitokwa na damu siku ishirini, nyumba nzima inajua. Bwana anakasirika kitandani, mama mkwe anauliza maulizo, na yule mwenye bwana anayefanya kazi Kolwezi anaogopa kwamba atarudi siku mbaya. Tunashauri hivi: kabla ya kuanza njia yoyote, ikiwezekana, nendeni wawili. Muuguzi amweleze bwana mbele yako kwamba damu inaweza kuvurugika miezi michache. Bwana aliyeambiwa mapema hatafuti mchawi. Kwa aliye mbali, wengi wetu tumeona kwamba hata kupigiwa simu na muuguzi kunatuliza nyumba.

Mazungumzo haya si mageni katika nchi yetu. Tangu 1972, wakati wa Zaire, serikali ilisema juu ya watoto wanaozaliwa kwa kutakiwa. Lakini sheria ya zamani ya ukoloni iliyozuia habari za dawa za kuzuia mimba ilibaki kwa muda mrefu. Katika 2014 taifa lilijiwekea shabaha kwamba kufikia 2020, wanawake 19 kati ya 100 wawe wanatumia njia za kisasa, wakati uchunguzi ulikuwa umeonyesha kwamba kati ya walioolewa walikuwa 8 tu kati ya 100. Kisha ikaja sheria ya afya ya tarehe 13 Desemba 2018. Inasema kwamba kila mtu mwenye umri wa kuzaa anaweza kupata njia ya kupanga uzazi. Kwa walioana kisheria inataka wakubaliane juu ya njia. Na kama hawakubaliani, matakwa ya yule ambaye mwili wake unahusika ndiyo yanayotangulia. Mama, kumbuka mstari huo. Hatuuandiki ili kuleta vita nyumbani. Tunauandika ili usifukuzwe mlangoni pa kituo kwa kukosa sahihi ya bwana.

Kazi yetu ya juma hili

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. La kwanza: msome ukurasa huu kwa sauti, na anayejua Uruund au Kichokwe aufasirie wale wasiosikia Kiswahili vizuri. La pili: mwalikeni muuguzi au reko wa mtaa wenu aje kujibu maulizo. Wenye haya waandike au waandikiwe maulizo yao kwenye karatasi bila jina. La tatu: chagueni wamama wawili ambao mwenzao anaweza kuwaamsha usiku akitokwa na damu nyingi, na mkubaliane ni pikipiki ya nani itakayoitwa.

Na wewe unayeona matone leo na kuogopa kusema, anza kuhesabu siku zako kuanzia asubuhi ya kesho. Kisha mtafute mmoja wetu. Tutakusindikiza mpaka kituoni.